Mbuzi wa Kukataa

Nachora ng'ombe, lakini si ng'ombe mzima. Nachora paja na ubavu, pale ngozi inapokunjamana kwenye kovu la chuma cha moto. Natumia masizi, udongo mwekundu wa kwetu na gundi ya mti. Hapa mjini Wote, nikianika turubai zangu nje ya chumba ili zikauke, wapita njia husimama wakidhani ni ramani. Mwalimu mmoja alibishana nami kabisa kwamba pale pana mto. Nilimwachia mto wake. Mtu aliyezaliwa ranchini haoni tofauti kubwa kati ya ngozi ya ng'ombe na nchi yenyewe. Zote zina makovu, na kila kovu lina mtu anayedai ni lake.

Ranchi ninayoisema iko kusini mwa Mutomo. Sitaitaja jina kwa sababu bado ipo na bado ina mawakili. Babu yangu alichunga pale kabla ya seng'enge kuwekwa, bila kumwomba mtu ruhusa. Baba yangu alichunga palepale akiwa mwajiriwa, na kofia ya kazi kichwani. Alijua mwamba gani hushika maji ya mvua hadi Januari, na mahali gani kwenye mchanga wa mto ukichimba mkono mmoja unapata maji matamu, ukisogea kidogo unapata ya chumvi. Alijua kwa sababu babake alimwonyesha. Kisha alikuwa akiomba likizo kwa kijana wa ofisini ili aende kuzika ndugu zake. Nikiliwaza sana jambo hilo hasira hunipanda, kwa hiyo siku hizi naliwaza huku nikichora, mikono ikiwa na kazi.

Wafanyakazi waliruhusiwa kufuga mifugo yao michache nyuma ya nyumba za wafanyakazi, mradi isiwe na chapa ya ranchi. Hilo halikuwa tatizo. Sisi Wakamba kila ukoo una alama yake. Wazee waliichonga kwenye mizinga ya nyuki na kuichoma kwenye paja la ng'ombe. Yetu ni mistari mitatu iliyosimama na upinde mmoja chini yake. Macho ya baba yalipoanza kuharibika kwa vumbi, mimi ndiye niliyekuwa nikimchorea. Nilishika kaa, nikachora alama kwenye ngozi ya ndama aliyefungwa miguu, naye akafuatisha kwa chuma. Wanawake wa ranchi walinicheka, wakasema binti anayesimama kwenye moshi wa kuchoma ng'ombe ataolewa na nani. Hakuna aliyenioa, ni kweli, lakini kuchora nilikujulia hapo, si shuleni.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeolewa. Aliolewa Matiliku, upande wa Makueni, na watu wenye mashamba ya maembe na sauti kubwa. Walileta mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwetu ndio ndoa yenyewe, maana bila wao hata ukae na mtu miaka ishirini hujaoa. Baadaye walileta ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye mistari miwili na upinde chini yake. Miwili. Ukoo wao na wetu umetofautiana kwa mstari mmoja tu. Baba hakumchoma upya. Alisema ng'ombe wa mahari huachwa na alama ya waliomleta, ili kila asubuhi ukimkamua ukumbuke kwamba una mtoto kwa watu. Hata mbuzi mmoja jike aliyezaliwa na wale wa ntheo, baba alimkata sikio kwa mtindo wa Matiliku. Alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Heshima hiyo nusura itumalize.

Mwaka ule mvua ilitunyima misimu miwili mfululizo. Nyasi zilibaki vishina, na upepo wa mchana ulipeperusha vumbi jekundu mpaka chai ikawa na ladha ya udongo. Dada aliingia uani saa za kukamua, mtoto mgongoni, bila kubisha hodi. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na jicho moja limefumba. Mwaitu, yaani mama yetu, alimtazama, akainuka na kuweka maji motoni. Hakuuliza. Baba alimtazama pia. Akachukua kofia yake akaenda kwa ng'ombe, na tangu siku hiyo hakumsemesha. Alikuwa akipita mlangoni dada akiwa ameketi pale, asimwamkue wala asijibu maamkizi. Nilimchukia baba kwa hilo. Nilidhani anamwonea aibu.

Lakini baada ya majuma mawili alichagua yule mbuzi mwenye sikio la Matiliku, akamfunga kamba mpya, akawaomba wazee wawili wampeleke kwa wakwe. Kwetu huyo huitwa mbuzi wa ulee, mbuzi wa kukataa. Mke akikataa ndoa, baba yake humrudisha mbuzi. Upande wa mume wakishika kamba yake, ndoa imekwisha. Wasiposhika, ndoa ipo, hata mke akilala mbinguni.

Hawakuishika. Baba mkwe hakutoka hata nje. Aliwatuma watoto wawaambie wazee wetu kwamba hajaona mbuzi na hataki kuona mbuzi. Anachotaka ni mkaza mwana wake arudi jikoni. Na kama amekuwa mkaidi, basi alete mtoto, kwa sababu mtoto amezaliwa juu ya ng'ombe wake wa mahari. Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa meno mawili, anayecheka akiona kuku. Wazee walirudi na mbuzi wetu, wamechoka, miguu imejaa vumbi.

Tangu hapo tuliishi tukisikiliza barabara. Pikipiki ikinguruma mbali, dada alimwinua mtoto akaingia ndani. Kina mama wa kanisani walikuja kuomba nasi. Waliimba vizuri, wakanywa chai, na walipokuwa wakiondoka mmoja akamshika dada mkono akamwambia, "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu." Nilimjibu mimi. Sitaandika nilichosema, ila hawakurudi. Nimeona kwamba kuvumilia ni neno linalopendwa na watu ambao hawapigwi.

Kisha seng'enge ya ranchi ikakatwa upande wa mashariki, na madume ya kuuza yakatoweka. Meneja alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye buti safi. Aliogopa mabosi wake kuliko alivyoogopa simba. Alituita sote mbele ya ofisi, akatangaza kwamba Jumamosi mifugo yote ya wafanyakazi, ng'ombe kwa mbuzi, itapita kwenye njia ya magogo ambamo ng'ombe hubanwa wapewe chanjo.

"Mnyama akiwa na alama si ya mwenyewe," alisema, "nataka mwenye hiyo alama asimame hapa, kwa mwili wake, aniambie mnyama alifika aje kwangu. Si barua, si simu. Akikosa kuja, huyo ni mnyama ya wizi. Mfanyakazi ataenda na polisi, na familia itoe vyombo kwa nyumba."

Watu waligeuka kumtazama baba. Ranchi nzima ilijua ng'ombe wetu mwekundu ana mistari miwili.

Baba alijaribu kumweleza habari ya mahari. Meneja akasema hata yeye ana mahari ya kulipa kwao, kila mtu ana hadithi, alete mtu. Basi baba ikamlazimu kumpigia simu mtu aliyemkataa mbuzi wake. Alimpigia uani, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu bila hivyo hakusikia. Sote tulisikia, hata dada aliyekuwa ameinama jikoni akipuliza moto.

"Nitakuja, muthoni, mkwe wangu," sauti ya Matiliku ikasema, tamu kama asali ya kuibiwa. "Mimi si mtu mbaya. Nitaambia huyo meneja hii ng'ombe ilikuja na njia ya haki. Lakini unaona, mafuta ya gari ni ghali. Gari haiwezi toka huku mpaka huko, ikarudi na kiti tupu."

Sauti ikaendelea, "Kiti ni cha mama ama cha mtoto. Mchague wenyewe. Mimi sichagulii watu."

Simu ilipokatika, dada alitoka jikoni akipangusa macho. Moshi, alisema. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Nitaenda mimi. Mtoto abaki na mwaitu."

Mama akaketi chini palepale kwenye vumbi, kikapu chake cha kunde mapajani. Baba akachukua kofia yake. Nilitaka aseme kitu kimoja tu, hata tusi.

Ijumaa jua likielekea kuzama aliniita bomani. Moto ulikuwa umewaka, na chuma chetu kimelazwa ndani. Ng'ombe mwekundu alifungwa kwenye nguzo, ndama wake akilia upande wa pili. Baba alinipa kaa.

"Mstari mmoja tu," alisema.

Nilielewa mara moja. Mistari miwili ikiwa mitatu, ng'ombe ni wetu. Hatuhitaji mtu wa Matiliku, wala gari lake, wala kiti chake. Sikuwaza dhambi, wala sheria. Nilipanguza paja la ng'ombe kwa kiganja, nikapima kwa kidole umbali wa ile mistari ya zamani, nikachora wa tatu. Nilirudi nyuma kutazama. Ulikaa sawasawa. Nimechora mengi tangu hapo, na nimesifiwa na watu wenye miwani ya bei, lakini sijachora mstari uliokaa vizuri kama ule. Chuma kilikuwa kimegeuka chekundu. Baba alikiinua.

Ndipo macho yangu yakaniharibia furaha. Ile mistari ya zamani ilikuwa ya kijivu, imeng'aa, haina unywele. Mstari mpya ungekuwa kidonda. Ungevimba, ungetoa maji, nzi wangeukalia. Kesho yake asubuhi hata mtu aliyeshuka duniani jana angejua umechomwa jana, na baba angekuwa mwizi kwa ushahidi wa mkono wake mwenyewe.

"Baba," nilisema, "utaonekana."

"Najua," akasema. Alishika chuma hewani mpaka wekundu wake ukaisha. "Nilitaka tu kuona ungekaaje."

Nilifuta mstari kwa mate na pindo la sketi. Nililia nikiufuta. Sikuwa nimewahi kumwona baba akitaka kitu asichoweza kukipata, na ilinitisha kuliko polisi.

Jumamosi walifika mapema. Baba mkwe alikuja na koti la suti na fimbo, na mzee wa ukoo wake kama shahidi, mtu mpole mwenye kofia ya sufi. Mume wa dada alikuwa nyuma ya usukani wa pikapu. Hakushuka. Alikuwa akisogeza kidole kwenye simu yake kana kwamba ameleta abiria wa mtu mwingine. Kiti cha mbele kando yake kilikuwa kimewekwa kitambaa safi.

Dada alisimama kwenye uzio, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo miguuni. Mifugo ya wenzetu ilipita, alama zikakubaliwa. Kisha ng'ombe mwekundu akaingia katikati ya magogo, akabanwa. Meneja akaweka kidole kwenye kovu.

"Hii si ya huyu mzee. Nani mwenyewe?"

Baba mkwe hakujibu haraka. Alitaka tumsikie kimya chake. Alitembea mpaka kwa ng'ombe, akageuka kututazama, wafanyakazi wote na wake zao, na nadhani ni huko kututazama kulikompoteza. Angesema tu kwamba alama ni yao, na ng'ombe wamempa mkwe wao, kesi ingeisha na yeye angeondoka na alichokuja kuchukua. Lakini watu wa ukoo ule hawajui kusema jambo dogo.

"Leo mimi nikinyamaza tu, huyu mtu analala ndani," alisema, fimbo ikimwelekea baba. "Mjue hivyo nyote. Alama ni yetu. Hii ng'ombe ni yetu. Kila kitu unaona kwa hiyo boma iko na alama yetu, ni yetu."

Ulimi hauna mfupa. Mzee wa kofia ya sufi aliinua kichwa haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Mmesikia," baba akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Amesema ni yao. Basi waichukue."

"Aka!" Baba mkwe aligeuka. "Sikukuja kuchukua ng'ombe. Nilikuja kuchukua watu wangu."

Meneja hakuwa na habari na watu. Alikuwa na karatasi ya kumaliza kabla ya jua kali. "Mzee, umesema mbele yangu hii ng'ombe ni yako. Kama ni yako, si ya wizi, na si ya mfanyakazi wangu. Toa kwa ranchi yangu leo. Ifungueni."

Baba tayari alikuwa amemfungua. Alimwongoza mwenyewe hadi kwenye pikapu, akamsukuma kwa bega juu ya mbao za kupandishia. Watu walianza kucheka chini chini. Kicheko ndicho kilichommaliza mtu wa Matiliku. Shingo yake ilivimba. Ndama alikuwa akilia akimzunguka mama yake, na yeye akamwona.

"Na ndama!" alipaza sauti. "Mnataka kunibakishia nini? Ndama anafuata mamake! Hiyo ni sheria tangu zamani, hakuna mtu anaweza nidanganya."

Baba akamkumbatia ndama, akampandisha. Hakubisha hata neno moja. Nilikuwa nimeanza kuogopa, kwa sababu kila kitu chetu kilikuwa kinaingia kwenye lile gari, na dada bado amesimama na mfuko wake.

"Na ile mbuzi," baba mkwe akasema, sasa akitweta. Alikuwa ameona sikio. "Hiyo sikio imekatwa kama ya kwetu. Ni uzao wa mbuzi zetu. Leta!"

Nilimtazama baba. Alitembea polepole mpaka kwenye nguzo, akafungua ile kamba mpya, akarudi na mbuzi. Akaunyoosha mkono. Mtu wa Matiliku aliinyakua kamba kwa nguvu hata mbuzi akapiga goti.

Hakuna aliyecheka tena. Wakamba wote waliokuwa pale walinyamaza kwa pamoja, na meneja akatuangalia mmoja mmoja asijue kimetokea nini. Mzee wa kofia ya sufi alivua kofia yake.

"Ndugu yangu," akamwambia polepole kwa Kikamba, "si ndiye yule uliyeletewa nyumbani ukakataa kutoka? Umeshika kamba."

Baba mkwe aliitazama kamba mkononi mwake. Aliiachia upesi kama mtu aliyeungua, lakini watu wameona, na shahidi alikuwa amemleta mwenyewe. Kisha akanyoosha fimbo kwa dada.

"Mtoto," akasema. "Sawa, mama abaki. Lakini mtoto ni wetu."

Dada alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Alikaza kitambaa cha mgongoni, akafunga fundo upya mbele ya kifua, taratibu, kama mtu anayejitayarisha kwenda kuteka maji.

"Mzee," alisema, na alimwita kwa heshima, jambo ambalo mimi nisingeliweza, "umesema mwenyewe mbele ya hawa watu. Ndama anafuata mamake."

Mzee wa kofia ya sufi ndiye aliyemshika baba mkwe mkono wakapanda gari. Kitambaa safi cha kiti cha mbele alikikalia mzee huyo. Mbuzi alipandishwa nyuma na askari wa lango, maana hakuna mwingine aliyetaka kumgusa. Mume wa dada aliwasha gari bila kuinua macho, na ng'ombe wetu akaondoka akiwa ametugeuzia uso, akilia, vumbi likimfunika kuanzia miguuni. Mwaitu alilia waziwazi. Alikuwa akimkamua kila siku, na kiangazi kilikuwa hakijafika hata nusu.

Tulirudi nyumbani tukifuatana. Dada alitua mfuko wake mlangoni, asiingie, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Baba alivua kofia, akaketi kwenye kigoda chake. Kisha akamgeukia dada, kwa mara ya kwanza tangu aje na ule mdomo uliopasuka.

"Mwanangu," akamwambia, "hakuna maziwa. Tupikie chai ya strungi."